Mkia wa dawa

Nikimwambia mtu hapa Dodoma kwamba kazi yangu ni kuchunguza kirusi cha UKIMWI, huwa naulizwa maswali mawili. La kwanza: dawa ya kuponya itatoka lini? La pili huja kwa sauti ya chini, na mara nyingi muulizaji ni mtu mwenye suti na shahada: eti wenzetu wanayo, ila wameificha? Yote mawili nimeshayajibu kwenye foleni za benki, kwenye misiba, hata saluni nikiwa nimeinamishwa kichwa kwenye beseni. Ila kuna kijana wa UDOM aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa anapanga sampuli kwenye friza. "Mama, kama TLD inafanya kazi vizuri hivi, sisi bado tunatafuta nini?" TLD ni kile kidonge kimoja chenye dawa tatu ambacho wengi wenye VVU humeza siku hizi.

Siku ile nilimjibu kwa sentensi moja maana mashine ilikuwa inapiga kelele. Jibu lenyewe ni refu, limekula sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na ukilifupisha sana linapotosha.

Tuanze na kirusi chenyewe. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba VVU hujilalia tu mwilini hadi ugonjwa ujitokeze. Mwaka 1996 David Ho, Alan Perelson na wenzao wakapiga hesabu, wakakuta mtu ambaye hajaanza dawa huzalisha takriban virusi bilioni 10 kwa siku. Hakuna kulala hapo. Kila kirusi hubeba maandishi ya herufi kama 9,700 hivi, na kimeng'enya kinachoyanakili hakirudi nyuma kuhakiki kilichoandika. Makosa ni mengi, na mengi kati yake hayana faida. Kirusi kinachoyabeba hufa. Lakini kwa wingi huo, kosa lolote moja unaloweza kulifikiria limeshatokea mahali fulani mwilini, likiwemo lile linaloifanya dawa ishindwe kushika. Ndiyo maana AZT peke yake, dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani, mwaka 1987, iliwapa watu nafuu ya muda tu. Ukiweka dawa tatu, kirusi kinahitaji makosa kadhaa ya bahati ndani ya nakala ileile moja, na bahati ya namna hiyo ni adimu.

Darasani somo huishia hapo. Kinachosahaulika ni kwamba dawa tatu zilizoingia pamoja haziondoki pamoja. Mtu akiacha vidonge, kila dawa hutoka kwa mwendo wake. Moja imekwisha keshokutwa, nyingine bado iko kwenye damu wiki nzima na zaidi. Siku hizo mgonjwa anadhani hatumii dawa, kumbe anatumia dawa moja, kwa kiwango kinachopungua kila siku, na kirusi kimeshaamka. Ukitaka kufuga usugu, huwezi kupata mazingira mazuri kuliko hayo. Kipindi hicho ndicho tunachokiita mkia.

Nilikutana na mkia nikiwa chuo cha tiba cha Muhimbili, enzi hizo bado MUCHS, kabla haijawa MUHAS mwaka 2007. Mimi ni mzaliwa wa Mpwapwa. Baba alikuwa mwalimu na alitaka niwe daktari wa kushika wagonjwa. Nilipochagua maabara alilichukulia kama kufeli, ila kufeli kwa heshima. Mama hadi leo akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ni daktari, ila hana dawa." Nimeshakata tamaa ya kumsahihisha, na sina hakika kama amekosea.

Wakati huo habari kubwa ilikuwa nevirapini. Utafiti uliofanyika Uganda na kutangazwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kidonge kimoja cha miligramu 200 kwa mama uchungu unapoanza, na dawa ya maji kidogo kwa mtoto ndani ya saa 72, vilipunguza maambukizi kwa karibu nusu vikilinganishwa na AZT ya muda mfupi. Kidonge kimoja! Mkunga wa zahanati yoyote aliweza kukitoa, hata pasipo na umeme. Siku hizi nawasikia vijana mikutanoni wakikibeza. Hawakuwahi kusimama kwenye wodi ambayo haikuwa na kitu chochote cha kumpa mama mjamzito mwenye VVU zaidi ya pole.

Lakini nevirapini ina mkia mrefu. Huchukua kama siku mbili nusu yake kutoka mwilini, na mabaki yanaweza kuonekana kwenye damu ya mama hata wiki mbili baadaye. Wiki mbili hizo mama ana dawa moja tu, inayofifia. Walipopimwa washiriki wa utafiti uleule wa Uganda, wiki 6 hadi 8 baada ya kujifungua, takriban mama mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi sugu, mara nyingi kwa badiliko liitwalo K103N. Ni amino asidi moja tu iliyobadilika, nafasi ya 103 ya kile kimeng'enya kinachonakili, na nevirapini haishiki tena. Kwa virusi vya aina C, ambavyo Tanzania tunavyo pamoja na A na D, hali ilikuwa mbaya zaidi. Sasa fikiria mama huyohuyo miaka michache baadaye, kinga imeshuka, anaanzishiwa dawa za maisha, na mojawapo ya zile tatu ni nevirapini.

Suluhisho lilikuwa rahisi kiasi cha kukera. Mama alipewa AZT na lamivudini kwa siku 7 baada ya kujifungua ili mkia usibaki peke yake. Maabara tuliita kuufunika mkia. Baadaye, mwaka 2013, Tanzania ikaanza kumweka kila mjamzito mwenye VVU kwenye dawa za maisha moja kwa moja, na mjadala wa kidonge kimoja ukafa. Ila mimi nilikuwa nimeshanaswa. Wenzangu walitaka chanjo, wengine walitaka kuponya. Mimi nilitaka kujua dawa huondokaje mwilini, na kirusi hufanya nini ikiwa inaondoka. Kusoma jeni za kirusi nikajifunzia Stockholm, kwa watu wa chuo cha tiba cha Karolinska, ambao wanashirikiana na Muhimbili tangu miaka ya 1980. Baridi ya kule sitaieleza.

Miaka ya kwanza ya CTC, kliniki za matunzo na tiba ya VVU, naipita haraka, wengi wenu mnaikumbuka. Dawa za bure zilianza mwaka 2004. Stavudini iliokoa watu huku ikiwakausha mashavu na kuwachoma nyayo. Efavirenzi ilileta ndoto ambazo mgonjwa mmoja alinisimulia kwa urefu wa sinema, akaomba nisimpunguzie. Mwaka 2011 watu wakajaza magari kwenda Loliondo kunywa kikombe, na baadhi yao wakaacha vidonge nyumbani. Waliporudi kliniki na damu zao kufika kwetu, mkia wa nevirapini na wa efavirenzi ulikuwa umeandikwa mle wazi kabisa.

Hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo ni vigumu kumweleza mtu wa nje. Kirusi huweka kumbukumbu. Usugu ukishatokea hauishii kwenye damu. Nakala yake huingia kwenye seli za CD4 zinazoishi miaka mingi, ikakaa mle kimya. Nikisoma mfuatano wa jeni naona K103N, pembeni yake M184V ambayo ni alama ya usugu kwa lamivudini, labda na K65R ya tenofoviri, na naweza kukisia kwamba huyu aliwahi kukaa bila dawa, akarudi, akakaa tena. Jina simjui. Ninachopata ni namba na tarehe.

Nilirudi Dodoma serikali nayo ilipokuwa inahamia, na nilidhani ningekuta kazi ileile kwenye vumbi zaidi. Vumbi nililikuta. Upepo wa mwezi wa saba hapa huingiza udongo mwekundu hata palipozibwa kwa gundi, na maji yetu ya chumvi yaliua kifaa cha kuchemshia kabla sijajifunza adabu. Umeme sisemi. Sampuli zinatoka Kondoa, Chemba, Kongwa, Mpwapwa, Bahi, kwenye chupa zenye kizibo cha zambarau, ndani ya kisanduku cha baridi nyuma ya bodaboda. Damu inatakiwa izungushwe na plazima itenganishwe ndani ya saa 24, la sivyo kipimo cha wingi wa virusi hakiaminiki. Vijana wa bodaboda wanaijua saa 24 kuliko baadhi ya watu wenye ofisi. Mmoja alinipigia akiwa amekwama kwenye korongo njia ya Bahi, maji yamejaa, akaniuliza, "Dokta, nivuke au nirudi?" Nikamwambia arudi. Damu inachukuliwa tena, mtu hachukuliwi tena.

Korongo hilo lina uhusiano na ninachotaka kusema. Ugogo mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ndio huohuo msimu wa njaa, kabla mtama na uwele havijaiva. Kulikuwa na namba moja, nabadilisha vitu vichache asitambulike, ambayo wingi wa virusi ulikuwa unapanda kila mwanzo wa mwaka na kushuka kila baada ya mavuno. Kwenye faili wameandika "mtoro". Nikampigia muuguzi wa CTC yake, dada mmoja mwenye subira ya ajabu. Akacheka. "Dokta, huyu mama Desemba anahamia shambani na watoto, kule hakuna njia. Na akiwa na njaa hanywi dawa, anasema zinamkata tumbo. Sasa utoro wake uko wapi?"

Nikasoma virusi vyake vya miaka ya efavirenzi. K103N, M184V. Efavirenzi nayo ni ya mkia mrefu, kwa hiyo kila Desemba alipoacha, tenofoviri na lamivudini zilimwachia efavirenzi peke yake. Kisha mwaka 2019 Tanzania ikaanza kuhamishia watu kwenye TLD, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, naye akahamishwa. Maisha yake hayakubadilika. Desemba ileile, njaa ileile, korongo lilelile. Virusi bado vilipanda alipoacha. Lakini kila nilipotafuta usugu kwenye integrasi, kimeng'enya ambacho dolutegraviri hukishika, sikuona kitu. Akirudi kwenye vidonge, virusi vinashuka kama havijawahi kutokea.

Kwa nini? Sababu moja ni namna dolutegraviri inavyoking'ang'ania kimeng'enya. Ikishashika, kuachia ni kwa shida, na kirusi kikitaka kujinasua hulazimika kujiharibu chenyewe. Nyingine ni mkia: wa dolutegraviri ni mfupi kuliko wa efavirenzi, na tenofoviri ikishaingia ndani ya seli hukaa humo siku kadhaa, kwa hiyo hakuna dawa inayoachwa mpweke kwa wiki mbili. Mwaka 2021 utafiti wa NADIA, uliofanyika Uganda, Kenya na Zimbabwe, ulionyesha kwamba dolutegraviri ilifanya kazi hata kwa watu ambao virusi vyao vilishakuwa sugu kwa dawa walizoambatanishiwa nayo. Nilipousoma nilimfikiria yule mama wa Desemba. Kwa mara ya kwanza kuna dawa iliyotengenezwa kana kwamba aliyeitengeneza anajua watu wanavyoishi.

Nina kinyongo kimoja hapa. Mei 2018 takwimu za awali kutoka Botswana zilidokeza kwamba watoto wa mama waliobeba mimba wakitumia dolutegraviri walizaliwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Tahadhari ilikuwa ya haki. Lakini katika nchi nyingi tahadhari iligeuka kuwa kufuli: mwanamume anapewa dawa mpya, mwanamke wa umri wa kuzaa anabaki na efavirenzi na mkia wake, bila hata kuulizwa kama anakusudia kuzaa. Takwimu zilivyoongezeka ile hofu ikapungua sana, na Julai 2019 WHO ikaipendekeza kwa wote. Mwaka mzima wa kumwamulia mtu mzima. Nililisema hili mkutanoni, nikaambiwa nina hisia kali.

Basi, kama TLD inasamehe hivi, tunatafuta nini? Sehemu moja ya jibu ni ya jikoni zaidi kuliko ya maabara. Siku hizi nikiletewa sampuli ya mtu aliye kwenye TLD na virusi viko juu ya 1,000 kwa mililita, mara nyingi sikuti usugu wowote. Maana yake dawa haijashindwa, haikufika. Na si kila wakati ni kwa sababu hakuimeza. Kuna wajawazito wanaomeza TLD kila asubuhi, kwa uaminifu kabisa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu walivyopewa kliniki ya wajawazito, tumboni hamna kitu. Madini ya chuma hushikana na dolutegraviri tumboni na kuizuia kuingia kwenye damu. Dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu hufanya vivyo hivyo. Kwa vidonge vya damu tiba ni chakula: ukivimeza pamoja na TLD wakati wa kula hakuna shida, ukiwa huna chakula, TLD itangulie saa 2 au ifuate saa 6 baadaye. Kwa dawa za kiungulia chakula hakisaidii, ni lazima kuachanisha kwa saa hizohizo. Hili lipo kwenye miongozo. Lakini mama anapewa vidonge kwenye dirisha hili na vidonge kwenye dirisha lile, na wa dirisha hili hajui wa dirisha lile amesema nini.

Sehemu nyingine ni aibu, na Dodoma tuna ya aina yetu. Watumishi waliohamishwa kutoka Dar wengi waliacha kadi zao za CTC kulekule. Kliniki ya hapa unaweza kukutana benchini na dereva wa ofisi yako. Zamani waliomba ruhusa ya siku tatu, wakapanda basi. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 wanakwenda na kurudi siku hiyohiyo, na mmoja aliniambia kwa utani kwamba reli imemboreshea ufuasi wa dawa kuliko washauri wote. Nilicheka naye. Halafu nikawaza siku atakayokosa nauli.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani hali ni mbaya. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta karibu nusu tu ya watu wazima wenye VVU nchini, asilimia 52, ndio virusi vyao vimefubazwa. Ule wa 2022–2023 ulikuta asilimia 78. Mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono; hilo limeshathibitishwa na nalirudia popote nikipewa kipaza sauti, hata kwenye harusi ya binamu yangu, ambako halikupokelewa vizuri.

Lakini mkia unarudi. Kuna sindano mpya, lenakapaviri, inachomwa chini ya ngozi ya tumbo mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2024 matokeo ya utafiti wa Afrika Kusini na Uganda yalitangazwa: kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa ili kujikinga, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sikuwahi kuona sifuri kama hiyo tangu nianze kazi. Kwa mtu mwenye siri na mtu mwenye korongo, sindano mbili kwa mwaka ni ukombozi. Kwa mtu mwenye maisha kama ya yule mama wa Desemba, ila asiye na VVU, Novemba moja na Mei moja.

Tatizo ni asiporudi Mei. Lenakapaviri hutoka polepole mno, mabaki yake hukaa mwilini miezi mingi, hadi mwaka na zaidi. Mtu akiacha kuchomwa na akaambukizwa katika miezi hiyo, kirusi kitakutana na dawa moja, dhaifu, kwa muda mrefu kuliko nevirapini ilivyoweza kuota. Katika utafiti mwenzake ambapo wawili waliambukizwa licha ya sindano, wote wawili walikuwa na badiliko la N74D, ambalo ni la kapsidi, ganda la protini linalobeba jeni za kirusi.

Na hapo maabara nyingi za kwetu hazijajiandaa. Praima tulizonazo, vile vipande vya DNA tunavyotumia kukamata sehemu ya kirusi tunayotaka kuisoma, zote ni za jeni ya pol, kwa sababu ndiko vimeng'enya viliko na ndiko dawa tulizotumia hapa tangu awali zilikolenga. Kapsidi iko kwenye jeni nyingine, gag. Hatujawahi kuhitaji kuisoma. Kwa hiyo siku hizi nakaa na sampuli za zamani kutoka kwenye friza, zile za miaka ya efavirenzi, najaribu kusoma gag yake ili tujue virusi vya Kondoa na Mpwapwa vinafananaje kabla sindano haijaenea, tusije tukashindwa kutofautisha kilichokuwepo na kilicholetwa na dawa. Jozi ya kwanza ya praima imeshika vizuri kwenye aina A na C. Kwenye D inateleza, na kwenye virusi vya mchanganyiko wa A na D inashika leo, kesho haishiki. Jozi nyingine imefika Dar. Ikipanda treni salama kwenye barafu yake, Jumatatu tunaijaribu, na jenereta nimeshaijazia mafuta.